Kijiko Chenye Mabawa

Mtaa mzima walimwita Mama Chwipi, kwa sababu ya yule ndege aliyefungua vitabu vyake vyote vya watoto:

*Chwipi kavaa kofia, kofia ina mkia,*
*mkia una mwavuli, mwavuli unasinzia.*

Yeye alitunga, mumewe alichora. Mama hutamka ubeti huku akimenya vitunguu, mzee huchora papo hapo mezani, na mdomo wa ndege ukikaa vibaya, mama huugonga kwa kidole: "Huyu siye." Basi mzee anafuta, anaanza upya. Hata ndoa yao ilikwenda hivyo hivyo.

Kisha kiharusi kikampiga mama. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa ganzi na maneno yamevurugika. Siku ile ile alimkazia mumewe macho akasema, "Kijiko kinapanda ngazi. Kijiko, kijiko."

Mzee nusura aruke kwa furaha. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba mkewe ameshaondoka na kumwachia mwili. Kumbe yupo, tena bado anatunga! Akavuta kiti mezani, akachora kijiko chenye mabawa kikipanda ngazi kwa kucha zake. Mama alipoonyeshwa, alilia.

"Machozi ya furaha hayo," mzee akamwambia binti yao, aliyekuwa akimwogesha mama yake na kumlisha.

"Baba, hatungi. Kuna kitu anaomba, na wewe unamchorea ndege."

"Wewe mama yako umemjua juzi tu."

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini mwenye tamaa hata umshike kichwa hatazami. Wiki nzima mzee akachora kila neno lililomtoka mkewe: pazia linalotaga, kiatu kinacholalia mayai. Mama alisukuma kila karatasi kwa mkono wake mzima, na mzee kila mara alidhani amekosea manyoya.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo mama hakusukuma. Aliing'ata karatasi akaichana kwa meno, akimtazama mumewe bila kupepesa. Hapo mzee akaingiwa na aibu. Akasogeza kiti mpaka kitandani, akaanza kuchora vitu vya kawaida, visivyo na bawa wala mdomo: glasi ya maji, dirisha, blanketi.

"Ni hiki, mke wangu? Au hiki?"

Kila mara kichwa kilikataa. Mzee akaishiwa. Akaweka penseli chini, akasema, "Nisamehe. Nimeshindwa kukuelewa."

Mama akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wa mumewe, ule uliokuwa na penseli, akauvuta kifuani kwake. "Kijiko," akasema taratibu, akafumba macho.

Mzee akabaki ameinama vile vile, mgongo ukimuuma. Tangu mkewe arudi alikuwa amemchorea picha chungu nzima, na hakuwa amemgusa hata mara moja.