Mlevi wa Maonyesho

Kengele alikuwa akitembea tangu asubuhi huku shingo yake haitulii. Nyuma yake kulikuwa na kundi la watalii wenye kofia pana na mafuta meupe puani, mbele yake kulikuwa na majengo aliyopaswa kuyaelezea, lakini macho yake yalikuwa vichochoroni. Alikuwa anamtafuta kaka yake, na alikuwa anaomba asimwone.

Kengele ni jina la kazini la dada huyu. Sauti yake ilifika mbali bila kipaza sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya kuongoza watalii katika mtaa wa zamani, ule wenye mahakama ya mawe, chemchemi isiyotoa maji, na maduka yanayouza vinyago vile vile kwa bei mbalimbali. Kaka yake mkubwa naye alikuwa na jina lake la mtaani: Jemadari. Zamani alikuwa mchora mabango, tena fundi hasa. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalikuwa bado na maandishi ya mkono wake. Kisha akaanza kupiga maji. Alianzia jioni, akahamia mchana, akaishia asubuhi. Akishalewa alikagua kuta na magari yaliyoegeshwa kana kwamba ni gwaride, akitoa amri na kupokea saluti ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Mtaa mzima ulicheka. Mama yao hakucheka, kwa sababu daktari alikwisha kumwambia bila kuzunguka mbuyu kwamba ini la mwanawe limechoka, na kwamba akiendelea hivyo, wajiandae.

Mwaka ule mji wenyewe uliingiwa na wasiwasi. Watalii walikuwa wameandika mitandaoni kwamba mji ni mzuri, ila ukitoka hotelini inabidi uruke walevi. Mmoja wao akauita Mji wa Kupepesuka, na jina likashika kama ulimbo. Wenye hoteli wakapandwa na mori, wakubwa wa halmashauri wakakaa vikao, na mwisho ikatoka amri: gari la mgambo lipite mtaani, kila mlevi azolewe na kutupwa kwenye yadi nje ya mji mpaka pombe imtoke. Waongoza watalii wakapewa namba ya simu. Ukimwona mlevi, piga. Usipopiga na mtalii akalalamika, kibali chako ndiyo basi tena. Watalii wenyewe walipolewa kwenye baraza za hoteli, wakaimba na kuvua mashati, hakuna aliyempigia mgambo simu. Hao waliitwa wachangamfu.

Walevi waliorudi kutoka yadi walirudi bila viatu, wameshika mbavu. Mmoja hakurudi, na mgambo wakasema labda amehama mji. Ndiyo maana Kengele hakuwa na raha, na ndiyo maana alipokunja kona ya kinyozi na kumwona Jemadari huyo hapo katikati ya njia, alisimama ghafla.

Shati limefungwa vifungo kombo, kiatu mguu mmoja, jamaa amevaa miwani hasa, na usoni hana kioo hata kimoja. Alipowaona watalii alijinyoosha, akapiga saluti.

"Kikosi!" akanguruma. "Panga mstari! Wewe bibi mwenye kofia, tumbo ndani!"

Watalii wakaganda. Bibi mwenye kofia hakuelewa hata neno moja la lugha ile, lakini alikumbatia mkoba wake kwa nguvu. Kengele alishika simu mfukoni. Namba ya mgambo ilikuwa pale pale juu, lakini kidole kikagoma. Angeweza kusema: samahani, huyu ni kaka yangu, anaumwa. Hilo nalo likagoma kutoka. Ulimi ukatafuta njia nyingine, na kabla mwenyewe hajajua, ukawa umeshaipata.

"Mabibi na mabwana," alisema kwa lugha yao, kwa sauti ile ile ya kufika mbali, "huyu ni mwigizaji wetu! Anatuonyesha jemadari wa enzi zile aliyelinda mtaa huu!"

Wakatazamana. Halafu mmoja akacheka, na wote wakafuata. Makofi yakalipuka. Jemadari, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi tangu aache kuchora, alitoa macho pima, kisha akaingia kazini. Aliwakagua mmoja mmoja, akamnyooshea babu mmoja kola, akamvua cheo kijana aliyekuwa anatafuna chingamu. Bibi mwenye kofia aliomba kupiga picha pamoja naye, tena akavuta tumbo ndani.

Kengele alicheka pamoja nao huku moyo unamsuta. Kumkana ndugu wa tumbo moja mchana kweupe! Aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya ulevi wa kaka yake tena. Ilikuwa yake mwenyewe.

Kesho yake Bosi, mwenye kampuni ya matembezi, alimwita ofisini. Alikuwa amejaa tele kwenye kiti chake, simu mkononi, anachekelea.

"Mbona ulinificha?" alisema. "Tazama! Wameandika eti ndiyo sehemu bora ya safari yao. Mji wenye ucheshi, wanasema. Afisa utalii mwenyewe amenipigia. Huyu mtu namtaka kila siku, pale pale kwa kinyozi. Nitamvika koti lenye vifungo vya dhahabu."

"Bosi, yule si mwigizaji. Ni mlevi."

"Mimi si mtoto mdogo, Kengele, najua ni mlevi. Mlevi akiokotwa barabarani ni aibu ya mji. Akivaa koti langu, ni utalii. Na mgambo hawatamgusa, nimeshaongea nao."

Hapo ndipo Kengele aliponaswa. Mgambo hawatamgusa. Alibaki na neno moja kooni, nalo ni kaka, akalimeza pamoja na mate, akakubali shingo upande.

Nyumbani alimkuta Jemadari amekaa kwenye kigoda jikoni, kichwa kimeegemea ukuta, mama anamenya viazi. Alipomaliza kueleza, kaka yake aliinua kichwa kutoka ukutani.

"Kazi?" aliuliza. "Mimi?"

"Ndiyo, Kaka. Lakini si lazima..."

"Mama, umesikia? Nimepata kazi." Akasimama, akashika meza ili asianguke. "Basi kuanzia sasa sinywi. Tangu lini mtu akaenda kazini amelewa?"

Kengele alifungua kinywa, akaona uso wa mama yake, akakifunga. Miaka yote ile mama alikuwa amelia, amefunga mlango, amebembeleza, amewaita wajomba wote kumsema, na sasa neno moja la upuuzi lilikuwa limefanya jambo ambalo wote walishindwa. Nani angethubutu kulitilia mchanga?

Na kweli hakunywa. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, alitokwa jasho mashuka yakawa ya kukamua, alimwona mjomba wao marehemu amekaa dirishani akagombana naye. Mama alimfuta kwa kitambaa na kumnywesha supu ya kijiko. Bosi aliambiwa mwigizaji ana mafua. Kengele alienda kazini na kurudi, roho juu, akipita kona ya kinyozi haraka haraka huku watalii wakiuliza jemadari yuko wapi. Lakini siku moja alirudi akamkuta kaka yake amekaa nje, amenyoa ndevu, anakula ndizi taratibu, na mama yuko uani anaanika nguo huku anaimba. Kengele hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mama anaimba.

"Kesho naanza," alisema Jemadari.

Akaanza, na ilikuwa balaa. Alisimama kwa kinyozi ndani ya koti la vifungo vya dhahabu, amechana nywele, mikono ameibana mapajani isionekane inavyotetemeka. "Kikosi," alisema, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia ofisi ya mkubwa. Watalii walitabasamu kwa adabu. Alijaribu kumkagua mmoja, akamwomba radhi kwa kumsumbua. Mtu mzima aliyekuwa na soni tangu utotoni! Ile pombe ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Mwenyewe alikuwa mpole kama zamani, na Kengele alikuwa amemsahau mtu huyu. Alitamani kumkumbatia. Nyuma yake mtalii mmoja aliuliza choo kiko upande gani.

Jioni Bosi hakuchekelea. Kesho yake afisa utalii angekuja kutazama kwa macho yake, na kama angependezwa, matembezi yote ya mtaa wa zamani yangepewa kampuni ile. Akafungua saraka, akatoa kichupa kidogo cha kinywaji kikali, akakiweka mkononi mwa Kengele.

"Mpe kabla hamjaanza. Kidogo tu, kama mafuta ya bawaba. Asipochangamka kesho, kila mtu arudi alikotoka: yeye kwa mgambo, na wewe nyumbani."

Kengele alitaka kukitupa. Hakukitupa. Kilikaa kwenye mkoba wake usiku kucha, na asubuhi kilitembea naye mtaani, kikigonga funguo kila hatua. Alieleza mahakama, alieleza chemchemi, hakusikia hata anachosema. Nyuma ya kundi walikuja Bosi na afisa utalii aliyevaa tai, wakinong'onezana. Kila kona Kengele aliomba kaka yake awe amechelewa, awe amepotea, awe amelala. Walipofika kwa kinyozi alikuwa pale pale, amesimama wima, viatu vinang'aa.

"Kikosi," alisema Jemadari. Sauti ilikatika, akakohoa. "Kikosi, tafadhali..."

Hakuna aliyecheka. Mtalii mmoja alianza kumpiga paka picha. Bosi alimtazama Kengele, akainua kidole gumba kinywani, akakiinamisha kama chupa.

Kengele alitumbukiza mkono kwenye mkoba. Alipoutoa, kichupa kilikuwa kiganjani, na hata leo ukimuuliza hakuambii alikuwa anataka kukifanyia nini. Kaka yake alikiona. Uso wake wote ukakiendea kabla mwili haujasogea. Akaja karibu, akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya mkono wa dada yake.

"Nipe, mdogo wangu," alinong'ona. "Naona nakuharibia. Nipe kidogo tu, nikusaidie kazi yako."

Hapo ndipo kitu kilipomkatika Kengele. Aligeuka akawakabili watalii, na sauti ile ikapanda mpaka wenye maduka wakatoka nje.

"Huyu si mwigizaji!" alisema kwa lugha yao. "Nimewadanganya wenzenu, nikawadanganya na ninyi. Huyu ni kaka yangu! Ni mlevi. Ameacha pombe juzi tu, kwa kuwa alidhani amepewa kazi. Mama yangu amemfuta jasho kama mtoto mchanga. Na mimi, nilivyomwonea haya, nimetembea na kichupa hiki ili nimleweshe muweze kucheka! Akinywa atakufa. Mnasikia? Atakufa!"

Alikuwa analia, kamasi na machozi pamoja. Watalii wakatazamana.

Kisha bibi mmoja mbele alianza kupiga makofi. Wa pembeni yake akafuata, halafu wote, kwa nguvu kuliko siku zote, wengine wanafuta macho kwa migongo ya mikono huku simu zao wameziinua. "Bravo!" akapaza mmoja. Afisa utalii alimwinamia Bosi sikioni. "Hii ya dada ni mpya? Ibaki hiyo hiyo, msiiguse."

Kengele alitikisa kichwa kuwakatalia, wakazidi kupiga makofi.

"Umewaambia nini?" kaka yake aliuliza. Hakuijua lugha yao hata kidogo.

Kengele alimshika mkono, akapita naye katikati ya watu, akafika kwa Bosi, akakitumbukiza kichupa kwenye mfuko wa koti lake, akaendelea kutembea. Watalii walifungua njia. Halafu, kwa kuwa wamezoea kumfuata Kengele popote aendapo, wakamfuata. Walipita nao nyuma ya soko, wakapita kwenye kamba za nguo na karo za kuoshea vyombo, picha zinapigwa kushoto na kulia. Kengele aliongeza mwendo, nao wakaongeza. Mlangoni mama alitoka na mikono yenye povu.

"Mbona mapema? Na hawa wote ni wageni wako?"

"Tuingie ndani, Mama."

Akafunga mlango, akatia komeo. Jemadari aliketi kwenye kigoda, akahangaika na vifungo vya dhahabu vikamshinda, na dada yake akapiga magoti kumfungulia. Huko nje makofi yalianza tena, sasa ya pamoja, ya kuwaita. Mtu aligonga mlango kwa adabu.

"Niambie," alisema Jemadari. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia wewe si mwigizaji. Wewe ni kaka yangu, na ni mlevi, na umeacha. Na kwamba nilikuonea haya." Alishindwa kumtazama. "Na kwamba sitaki ufe."

Mama alisimama na kitambaa mkononi, hakupangusa kitu.

"Wakapiga makofi," alisema Jemadari.

"Wakapiga makofi."

"Basi hawakukuamini."

"Hawakuniamini, Kaka."

Jemadari alifikiri kidogo. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya magoti yake, na hakuibana.

"Mimi nimekuamini," alisema. "Mama, nipe maji ya kunywa."

Mama alimpa bilauri. Nusu ya maji yalimwagikia koti la Bosi, na mama akajaza tena.