Mkamwana Nyuma ya Mlango

Tupokigwe alisimama nje ya mlango wa wodi, kanga imemfunika hadi usoni, akisikiliza kikao kilichomhusu. Ndani walikuwamo daktari, muuguzi Nasma, mumewe Zebedayo, na kitandani mkwewe, mzee Ambilikile. Tangu aolewe hajawahi kumtazama mzee huyo wala kutamka jina lake. Ndiyo heshima ya Kinyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani.

“Uvimbe wa ini hautapona,” daktari alisema. “Tunachoweza ni kuzuia maumivu. Dawa ya maji, kila baada ya saa nne.”

“Nipelekeni Ikolo,” mzee akasema. “Nikafie kwangu.”

“Nani atakunywesha?” daktari aliuliza.

Zebedayo alikohoa. Tangu wanunuzi binafsi wa kakao waruhusiwe, alikuwa akizunguka vijijini na mizani akiwanunulia, nyumbani haonekani. Mama yake alikwishafariki. “Mke wangu yupo.”

“Yuko wapi? Sijamwona akikanyaga humu,” Nasma alisema. Alizaliwa mjini, kwa wauza duka waliotoka pwani. “Chakula anakiacha mlangoni kama anamwekea paka. Anayemkimbia mgonjwa simkabidhi dawa kali. Mzee abaki hapa.”

Tupokigwe alipiga hatua kuelekea ndani, akasita. Angejibu, lakini sauti yake ingemfikia mzee.

Mzee alicheka, kicheko kikaishia kwenye maumivu. “Binti yangu, huyo hanikimbii. Ananiheshimu. Ndizi zake nimekula miaka yote, sura yake siijui. Tukikutana sokoni nitamuuliza bei ya mchele kama muuzaji yeyote.”

“Basi dawa atakupa nani, baba? Heshima?”

“Mwambieni aliye nyuma ya mlango aingie,” mzee akasema taratibu. “Mimi nitafumba macho. Yeye atazame kikombe.”

Hakuna aliyekwenda kumwambia; Tupokigwe alikwishasikia. Akiingia, wanawake wa Ikolo watamsema. Asipoingia, mzee atafia hapa, mbali na kaburi la mkewe.

Alivua ndala, akaingia ameinama. Nasma alimpa chupa na kikombe chenye mistari. Tupokigwe alimimina, akakiinua kwenye mwanga kama apimaye mafuta ya taa.

“Umezidisha,” Nasma alisema. “Rudia.”

Alirudia. Safari hii dawa ilisimama kwenye mstari. Alikisogeza kikombe mpaka kwenye kidevu chenye mvi. Juu ya hapo hakutazama. Mzee alikunywa yote.

“Ndaga,” alishukuru, macho bado ameyafumba.

Nasma alimgeukia daktari. “Kesho mzee aende kwake.”