Mtu wa Sanduku la Kioo

Mimi sikwenda Kisarawe kutafuta mume. Nilikwenda kutazama maiti kama walivyokwenda wengine, na anayesema nilipanga tangu nyumbani ananizulia. Mwaka ule wa hamsini na moja kila lori lililotoka boma lilileta habari ileile: Mzungu mmoja wa mambo ya kale amempata mtu aliyekaukia katika pango la udongo mweupe, upande wa Pugu, mzima kuanzia nywele hadi kucha. Amemweka kwenye sanduku la kioo katika godauni karibu na boma. Siku tano watu watazame bure, kisha apelekwe jumba la makumbusho Dar es Salaam. Kijiji chetu kizima cha Mzenga kilitaka kwenda. Wanawake waliokuwa wakilalamikia miguu kila siku ya kulima walipona siku hiyohiyo.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, alikataa kwenda.

"Maiti hutazamwa akioshwa," alisema. "Akishaoshwa huzikwa. Sasa nyinyi mnakwenda kutazama nini?"

Lakini mimi aliniruhusu. Ruhusa yake niliihitaji kwa kila kitu, hata kwenda kumjulia hali mama yangu mzazi huko kijijini Mbwawa.

Nieleze hapo, maana hapo ndipo lilipokuwa donge langu. Niliolewa na Mfaume, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkuu, nikiwa na miaka kumi na saba. Tukakaa mwaka mmoja. Akaaga kwamba anakwenda Pugu kukata kuni za reli, atarudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyemwona amekufa, miaka saba. Nilikwenda kwa kadhi mara nne, na mara zote nne alinijibu kwa upole ulionitia hasira kuliko matusi: mimi ni mke wa mtu mpaka ipatikane yakini kwamba mume amekufa. Talaka hawezi kuitoa mtu asiyekuwapo, na mjane siwezi kuwa bila ya kifo. Basi nikawa nalima mihogo ya mtu asiyekuwapo, nalala katika nyumba yake, namtii mama yake.

Na Mbwawa alikuwapo Kitwana, mpasua mbao, mtu wa maneno machache, aliyetaka kunioa. Aliniletea ujumbe kwamba hatafunga Ramadhani nyingine bila mke wa kumpikia futari. Simlaumu, alikuwa amengoja vya kutosha. Ramadhani ilibaki miezi miwili, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitano na sina mtoto.

Godauni lilikuwa na joto na harufu ya dawa. Wanaume walitangulia, sisi tukaingizwa baada ya adhuhuri, mstari mmoja, askari akitusukuma kwa maneno: "Tazama, pita. Tazama, pita." Kwanza meza ya nyoka kwenye chupa, kisha mafuvu mawili, kisha yeye. Alilala chali, ngozi imeshikana na mifupa, kakauka kama samaki wa ng'onda, udongo mweupe bado umemganda kwenye nyusi. Kiunoni walimfunika kipande cha shuka. Mdomo ulikuwa umeachama kidogo. Mwanamke mmoja mbele yangu alisema huyu kafa na njaa. Mwingine akacheka, akasema mumewe akilala yuko hivyohivyo, tena huyu ana nafuu kwa kuwa hakoromi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kimo kilekile, mabega yaleyale, na Pugu ni Pugu ileile. Ee Mola, nikasema kimoyomoyo, na awe yeye. Sitaficha: nilimwombea mume wangu awe maiti. Kisha nikatazama meno. Mfaume ana mwanya, mwanya mpana wa meno ya mbele aliourithi kwa mama yake, na huo ndio uliowafanya wasichana wa Mzenga wamgombanie. Meno ya mtu huyu yalibanana kama punje za mahindi. Ngozi hukauka, macho hudidimia, lakini mwanya hauzibiki.

"Tazama, pita," askari alisema.

Nilijua nikipita, napita kurudi kwenye mihogo. Nikapiga ukelele. "Mume wangu! Jamani, Mfaume wangu huyu!" Nikajitupa chini kwenye sakafu ya saruji. Nilidhani nitalia kwa kujilazimisha, lakini machozi yalikuja ya kweli, tena mengi, mpaka nikaogopa. Zubeda, jirani yetu aliyemjua Mfaume tangu utotoni, alitupa jicho mara moja kwenye kioo, akaona kile alichoambiwa, naye akaangua kilio. Muda si muda godauni zima lilikuwa matangani. Yule Mzungu alikuja mbio na daftari lake, amefurahi, maana maiti yake sasa ilikuwa na jina.

Alasiri nilikuwa mbele ya kadhi, nimeapishwa. Karani wake, Zahoro, kijana mgeni kutoka Bagamoyo, aliandika kila neno.

"Umemjuaje?" kadhi aliuliza.

"Nimelala naye mwaka mzima, sheikh."

Zahoro akainamisha uso. Kadhi akapangusa miwani.

"Wewe una haja na jambo hili, Siwema. Wenzako wamefuata kilio chako. Mimi nitamwamini mtu mmoja tu, mama yake. Mama mzazi akisema ndiye, nitaandika, na eda yako itakuwa imekwisha zamani, maana huhesabiwa tangu kifo. Uko huru siku hiyohiyo. Hakuna mama atakayemwita mwanawe maiti naye hana hakika."

Nikaitikia kwamba nimeelewa. Ningesema nimekosea, nilikuwa nimekwisha kuapa. Ningekimbilia Mbwawa, mke wa mtu akikimbia hurudishwa, na Kitwana angeshtakiwa pamoja nami. Ujumbe ulipelekwa Mzenga kwa lori, nami nikakaa barazani kwa jamaa za Zubeda, napewa pole na kila apitaye, naitikia. Nilikuwa nimetoka jela moja nikajifungia nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, na ya pili ilikuwa ndogo zaidi.

Bi Mwanamkuu alifika kesho yake asubuhi. Nilimpokea kikapu chake, nikaona ndani kuna sanda mpya, imekunjwa vizuri, na kifurushi cha udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona kweli?"

"Nimemwona."

Hakuuliza zaidi. Aliniamini, na hilo liliniuma kuliko angenipiga.

Walitoa watu nje. Ndani tukabaki sisi wawili, askari, Mzungu, na Zahoro na kalamu yake. Mama mkwe wangu alianzia miguuni. Alitazama nyayo, magoti, vidole vya mikono, taratibu, na midomo yake ilikuwa ikisoma. Alipofika mdomoni akasimama. Nikaona ulimi wake unapita nyuma ya midomo, unagusa mwanya wake mwenyewe. Kisha akashusha pumzi, na uso wake wote ukalegea kwa furaha. Furaha kabisa. Sijapata kuona mtu akifurahi vile mbele ya maiti. Mwanawe hakuwa yule, basi huenda yu hai mahali fulani, anakula, anacheka. Nami nikajua kwamba nimekwisha.

Ndipo akageuka kunitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama yule.

"Haya bibi," Zahoro alisema, "ndiye, siye?"

"Nikisema siye, huyu inakuwaje?"

"Atarudi nawe nyumbani kwa mumewe. Na atamweleza kadhi kwa nini alimwapia uongo."

"Akae mpaka lini?"

"Mpaka ipatikane yakini."

"Na mimi nikifa?"

"Hata ukifa, bibi. Yeye ni mke wa mtu."

Bi Mwanamkuu aliweka kiganja juu ya kioo. Kisha akauweka na wa pili.

"Ndiye," alisema. "Huyu ni Mfaume, nimemzaa mimi. Andika."

Zahoro akaandika. Akamshika dole gumba, akalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mama akaomba apewe mtu wake akamzike. Mzungu akasema kwa Kiswahili chake kwamba anasikitika sana, lakini karatasi za Dar es Salaam zimekwisha kutoka, aandike barua. Basi akatoa sanda kikapuni, akaitandaza juu ya sanduku lote. Askari alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaitoa, akaikunja, akamrudishia. Nje watu walikuwa wakingoja zamu yao.

Tulitembea mpaka tukaliacha boma nyuma. Mimi ndiye niliyebeba kikapu. Sikuthubutu kusema, na kwa mtu mwenye mdomo kama mimi ile ilikuwa adhabu tosha.

"Mwanangu hajafa, Siwema," alisema hatimaye. "Yule ni mtoto wa mwenzangu, Mungu amrehemu."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha. Ukiniomba nitalia, nikilia nitarudi kule nikafute maneno."

"Kwa nini umesema ndiye?"

Alikaa chini pembeni mwa njia, akavua kandambili, akakung'uta mchanga.

"Nilipoona siye nilifurahi. Halafu nikakutazama wewe, nikaona sura yako. Miaka saba nasema mwanangu yu hai, yu hai, wala sikuona ni nani ninayemfungia mlango. Nilikupenda, lakini nilikuweka kifungoni. Bora ulisikie kwangu mwenyewe."

Nilikaa naye pale kwenye vumbi, nikalia, naye akanishika kichwa.

Mzenga tukaweka matanga siku tatu. Sasa zamu ya kufungwa ilikuwa yake. Alilala kwenye mkeka akipokea pole za kijiji kizima kwa ajili ya mtu anayeamini kuwa anapumua. Alisomewa hitima, akaitikia amina. Watu walipomtaja Mfaume ilimbidi aseme marehemu. Hakuweza tena kuuliza wasafiri kama wamemwona kijana wa namna fulani, jambo alilolifanya kila wiki kwa miaka saba. Mama hamuulizii mtoto aliyemtambua kwa dole gumba. Nilimwona akitoka mbio msafiri anapopita, kisha anakumbuka, anarudi ndani.

Siku nne kabla ya Ramadhani nilifunga vitu vyangu kwenda Mbwawa. Alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba. Kila siku baada ya magharibi, kwa miaka yote ile, tulikuwa tukiinua mikono pamoja kumwomba Mungu amrudishe Mfaume, yeye mbele, mimi nyuma. Nikamuuliza, kwa kuwa sikujua la kusema, sasa ataomba nini.

"Ombi langu ni lilelile," alisema. "Wewe je?"

Tangu siku ile ya godauni nilikuwa nimeanza kuomba asirudi, usiku na mchana, kwa hofu, na nimeendelea mpaka leo nina watoto watatu wa Kitwana. Alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Akanitwika mzigo wangu kichwani, akauweka sawa.

"Omba tu, mwanangu," alisema. "Mungu atajua amsikilize nani."