Kidole cha Shahada

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye kiwanda cha sare za shule, mashine ya kukata vitambaa ilimkata Mama Pacha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Aliizima, akaufunga mkono kwa kipande cha sare, akaenda hospitali kwa miguu.

Kidole kilibaki mezani. Jumatano kilikuwa bado palepale, kimenyooka kumwelekea msimamizi. Msimamizi alipokwenda stoo, kiligeuka naye. Aliporudi, nacho kikarudi. Wafanyakazi walikipisha, wakaendelea kukata.

Msimamizi ndiye aliyeng'oa kinga ya mashine, akisema inachelewesha kazi. Hakujificha. Bisibisi alimwomba Mama Pacha mwenyewe.

Baada ya wiki mbili, ofisa utumishi aliitisha kikao. Kidole kililetwa kwenye kisahani, na humo pia kikamwelekea msimamizi.

"Mama, hapa imeandikwa ulizembea," alisema ofisa. "Weka dole gumba."

"Mwanangu, si unakiona kinavyosema?"

Mzee wa chama cha wafanyakazi, aliyebakiza miezi miwili astaafu, akakohoa. "Tangu enzi na enzi kidole cha pete ni cha ndoa, na gumba ni la kupigia muhuri. Hicho watu wanakiinua wakitoa ushahidi. Ndiyo maana kinaitwa cha shahada."

"Nakuelewa, mzee wangu. Ila hiki kimekatika. Kilichokatika si mfanyakazi wetu tena."

Mzee akatazama saa yake.

"Nikikataa?" aliuliza Mama Pacha.

"Kazi hamna."

Kidonda kilikuwa kinampwita hadi kwenye kiwiko, na nyumbani pacha walikuwa wanamngoja. Akachovya gumba kwenye wino. Gumba lilikuwa zima, halikuwa na ubishi.

Walimpa ufagio. Mashine akapewa binti mgeni, akafundishwa kukunja vidole kila kisu kinaposhuka. Kinga haikurudishwa. Kidole kilirudishwa mezani, maana hakuna aliyejua kiwekwe wapi kwingine.

Mwisho wa mwezi alikuja mkaguzi wa viwanda. Akasimama mbele ya ile meza.

"Hiki kinaonyesha nini?"

Mama Pacha aliegemea ufagio. "Aliyeng'oa kinga."

"Yuko wapi?"

"Kifuate tu, baba."

Mkaguzi alishukuru, akafuata kilikoelekea hadi ofisini kwa msimamizi. Mlango ukafungwa. Chai ikapelekwa, kisha ikapelekwa ya pili, na vicheko vikasikika. Alipotoka aliwapungia wafanyakazi wote mkono, vidole vyake vitano vimetanuka, akaondoka.

Mama Pacha alikiinua kidole, akafuta vumbi chini yake, akakirudisha. Kikageukia mlango ule ule. Binti akawasha mashine.