Daftari Tupu la Inara

Aliraza alikuwa na mwandiko mzuri, na huo ndio uliomponza.

Alhamisi moja alasiri, wateja hakuna, alijificha nyuma ya majora ya vitenge katika duka lake la Muyinga, akafungua daftari la binti yake wa miaka sita, akaanza kulijaza. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, baba wa watoto wawili, ametoa ulimi pembeni mwa mdomo, anaandika 3 + 2 = 5 kwa penseli iliyotafunwa. Akamaliza ukurasa wa kwanza, akaingia wa pili, wa tatu. Pembe za kurasa alizikunja kidogo ili zionekane zimeshikwa na mtoto. Mahali pengine alikosea kwa makusudi, akafuta, akaandika upya. Ungemwona ungevunjika mbavu kwa kicheko, lakini yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kucheka.

Baba yake, Mzee Pyarali, alikuwa njiani akitoka Gitega. Mzee huyo alikuwa na ada moja isiyovunjwa: kila mwisho wa muhula hukagua madaftari ya wajukuu, ukurasa kwa ukurasa, kama anavyokagua jora la kitambaa akitafuta uzi uliokatika. Miaka miwili nyuma alilikagua daftari la Zameer, kaka yake Inara, akatikisa kichwa, akasema mtoto atakwenda kusoma Gitega. Zameer akaenda. Hakuna aliyebisha, maana katika nyumba ile neno la mzee halina rufaa. Sasa Zameer ni wa kwanza darasani, analala kwa babu na bibi yake Monghibai, na akija likizo kwa wazazi wake huomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Likizo iliyopita alimwambia mama yake, "Hapa kwenu iko baridi." Kwenu! Zeba, mama yake, aliingia jikoni kuchemsha chai akakaa huko muda mrefu kuliko chai yoyote inavyohitaji.

Na sasa zamu ilikuwa ya Inara, na daftari la Inara lilikuwa jeupe.

Kisa ni mwalimu wake mpya. Madamu Béatrice Bulonza, Mkongomani wa Bukavu, alipewa darasa la mwaka wa kwanza mwezi wa tisa, na tangu hapo darasa halikai darasani. Watoto wako nje, chini ya mikalitusi nyuma ya shule, na vijiti, mawe, vizibo vya soda na kamba za migomba. Inara alirudi nyumbani kila siku magoti yamejaa vumbi jekundu. Baba akimuuliza, "Leo umejifunza nini?" jibu lilikuwa moja tu: "Tumecheza." Zeba alimwambia mumewe mara tatu, "Nenda shule ukaone mwenyewe, mi nimeenda." Mara tatu Aliraza akajibu, "Na duka nimwachie nani?" Katika mji ule baba hulipa ada ya shule, kwenda kutazama ni kazi ya mama. Ndivyo alivyojiambia, na kwa kweli alikuwa anaogopa kile ambacho angekiona.

Mzee alifika saa kumi. Alikuwa mfupi, mkavu, kanzu yake haina hata kunyanzi moja baada ya safari nzima ya kupitia Karuzi. Alikunywa chai kikombe kimoja, akajifuta mdomo, akanyoosha mkono.

"Kaye ya mtoto iko wapi?"

Aliraza akampa daftari. Zeba, ambaye hakujua lolote kuhusu yale ya nyuma ya vitenge, alitazama zile kurasa zilizojaa, kisha akamtazama mumewe. Mzee akapindua ukurasa wa kwanza. Akapindua wa pili. Akarudi wa kwanza. Akausogeza karibu na dirisha.

"Huyu mtoto anaandika tano kama we," alisema.

"Ni damu, Baba," Aliraza akasema, na moyo wake ukaanza kutulia.

"Tumbo kwanza, halafu kofia yake juu, imelala hivi. Mi nilikufundisha hiyo tano. Miezi sita, kila Jumapili, na rula mkononi." Mzee akafunga daftari. "Inara! Njoo uandikie babu tano."

Inara akaja, akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, akachora tano mara moja bila kuinua kidole. Nzuri, ya duara, na haikuwa na kofia iliyolala hata kidogo. Kisha akarudi kibarazani kwenye mchezo wake.

Aliraza alitamani sakafu ipasuke.

"Umemwandikia mtoto," mzee alisema, tena bila kupaza sauti, na hilo lilimtisha Aliraza zaidi. "Sikiliza, Aliraza. Kama mtoto angekuwa anajua kitu, we usingemwandikia. Umeniambia kila kitu bila kufungua mdomo. Kesho asubuhi napita shule kuchukua karatasi zake za kuhama, na kabla ya sala ya Ijumaa tuko Gitega. Zeba, mpangie nguo."

Aliraza alikaa pale pale kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kilichomuuma si kushikwa na uongo. Kilichomuuma ni kwamba mzee alikuwa amesema kweli: yeye, baba mtu, hakuwahi hata siku moja kuamini kwamba binti yake anajua kitu. Alipoona daftari jeupe alidhani na kichwa ni cheupe.

Asubuhi Zeba alifunga mkoba. Aliingiza gauni la njano, akalitoa, akalikunja upya, akaliingiza tena. Kisha akamshika mumewe shati.

"Siku ile ya Zameer hukusema kitu," alisema. "Na mi nikanyamaza kwa sababu we ulinyamaza. Leo je?"

Aliraza akachukua mkoba, akaupakia kwenye gari la mzee.

Shuleni Aliraza na mzee walikuta darasa la mwaka wa kwanza tupu, madawati yamepangwa vizuri kama ya maonyesho. Kelele zilitoka nyuma. Huko watoto arobaini na kitu walikuwa wamegawanyika makundi, na katikati yao mwanamke mnene wa kitenge cha kijani, viatu mkononi, miguu pekupeku kwenye majani. Inara alikwisha kukimbilia kundi lake.

"Karibu, mzee. Karibu, baba Inara, leo ndiyo tunakuona!" Madamu Béatrice alisema. Aliraza akatazama chini. "Mi niko Béatrice. Batoto banataka kupanda lengalenga, ile mchicha ya kwetu. Donc lazima tujue shamba iko na urefu gani."

"Mi nimekuja kuchukua karatasi za mtoto," mzee akasema.

Uso wa mwalimu ukashuka, lakini kwa kitambo kidogo tu. "Nimesikia, Inara aliniambia saa hii. Sawa, mzee. Mais direkta, mukubwa wa shule, hajafika, na hapa hatuna kiti ya wageni. Kundi ya Inara inakosa mtu moja. Mzee atakuwa wa ine."

Hapana mtu aliyewahi kumwingiza Mzee Pyarali kwenye kundi. Aliraza alifumba macho akisubiri radi. Alipofumbua, mzee alikuwa amesimama wa nne, kati ya Inara, Thomas mtoto wa fundi wa baiskeli, na Raissa asiye na meno ya mbele, kanzu ameikamata kwa vidole viwili isiguse vumbi. Labda ni zile sauti za watoto, labda ni kuishiwa maneno. Mpaka leo hajasema.

Kazi ilikuwa rahisi: pima kwa hatua, kutoka jiwe hili mpaka mti ule. Thomas, mwenye miguu ya korongo, akapata kumi na tano. Raissa akapata ishirini na moja na akahesabu tena akapata ishirini na mbili. Inara akapata kumi na nane. Mzee akapiga hatua zake kwa heshima zote, kanzu mkononi, akafika mtini.

"Tisa," akasema. "Hawa wote wamekosea. Andikeni tisa, tumalize."

Aliraza alimtazama mwalimu, akitegemea ataingilia. Mwalimu alikuwa ameweka mkono mdomoni, hasemi, hasogei. Alikuwa anajizuia kwa nguvu kama mtu aliyekatazwa chumvi. Kumbe hiyo ndiyo kazi yake, Aliraza akafikiri, na si kazi ndogo.

Inara akakunja uso. Alitazama miguu ya babu yake. Kisha akamshika mkono.

"Babu, rudia. Polepole."

"Kurudia nini? Tisa ni tisa."

"Rudia tu, Babu."

Na mzee akarudia! Kila alipokanyaga, Inara aliweka jiwe. Alipofika mtini mstari wa mawe ulikuwa umenyooka nyuma yake. Inara akarudi mwanzo, akaanza kutembea kando ya mawe, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, akawa kwenye jiwe. Tatu, nne, akawa kwenye jiwe la pili. Hakumaliza. Aligeuka, uso umemng'aa.

"Hatua yako moja, mi napiga mbili! Hakuna mwenye kukosa. Thomas hajakosa, Babu hajakosa. Miguu ndiyo haifanane!" Akatazama huku na huku, akaokota tawi refu la mkalitusi. "Tuchukue kijiti hiki. Kijiti kimoja, wote. Kijiti hakina mguu."

Raissa akasema ndiyo, Thomas akasema alikuwa anataka kusema hivyo hivyo, na wote watatu wakapiga magoti wakaanza kulaza kijiti chini, kuinua, kulaza, kama vile watu wazima hawapo duniani.

Mzee Pyarali alibaki amesimama. Ile kanzu ilikuwa imemponyoka vidoleni, pindo liko vumbini.

"Kule Bukirasazi," alisema, labda kwa Aliraza, labda kwa mti. "Kaduka ketu ka kwanza. Nilipima kitambaa kwa mkono, hivi, kiwiko mpaka kidole, na kaka yangu alipima kwa mkono wake. Wateja walimsubiri yeye, mi nakaa bure. Nikafikiri wananichukia. Mpaka siku moja mama mmoja akaleta gauni imekuwa fupi, akanitukana mbele ya watu wote, ndiyo nikajua mkono wangu ni mfupi. Baba akanunua fimbo ya chuma ya kupimia siku ile ile." Alimtazama mjukuu wake aliyejaa udongo mpaka nyusi. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Madamu Béatrice akasogea. "Mzee, zile anachora na kuandika ziko ndani, kwa kartoni. Kila mtoto na zake. Mama Inara alikuja mara tatu kuziona. Niende nazilete?"

Mzee akafungua mdomo. Na hapo Aliraza akajua kwamba ikiwa kuna saa ya kusema, ni hii, na ikipita haitarudi. Akasogea mbele kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Baba," alisema. "Inara haendi Gitega."

Mzee akageuka polepole.

"Yale ya kwenye kaye niliandika kwa uoga. Nilifikiri mtoto hajui. Mtoto anajua, mi ndiye nilikuwa sijui. Zameer nilimtoa nikanyamaza, na mpaka leo nyumba yetu ina nafasi yake. Huyu sitoi. Kasirika, Baba, una haki. Lakini sitoi."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya baba yake bila kukatizwa.

"Umeniwahi," mzee akasema, akikung'uta pindo la kanzu. "Mi nilikuwa nataka kusema abaki. Sasa watu watafikiri umenishinda." Kisha sauti ikamshuka. "Zameer likizo hii atakuja. Kama anataka kukaa, akae. Mtamuuliza yeye, na mi nitakubali. Bibi yake nitazungumza naye mimi." Akamgeukia mwalimu. "Leta hiyo kartoni, Madamu. Haraka, nina sala."

Aliraza alishika shina la mkalitusi. Alishusha pumzi, na ilionekana kama pumzi ile alikuwa ameibana miaka miwili.

Saa tatu, baada ya mzee kukagua kartoni yote, gari lake liliondoka. Aliraza alimpigia Zeba simu, akaanza kusema akashindwa, na Zeba akaelewa kutokana na kule kushindwa, akalia kwa sauti sokoni, alikokwenda ili asilione gari likiondoka, kati ya nyanya na vitunguu. Saa sita Aliraza alifunga duka, kitu ambacho jirani zake hawakuwahi kukiona siku ya kazi, akaenda mwenyewe kusimama getini, maana alimwomba Madamu amwachie yeye kumwambia Inara.

Inara alitoka akitembea polepole. Alipomwona baba yake akasimama, akatazama nyuma yake, barabarani, akitafuta gari.

"Babu iko wapi?"

"Amekwenda."

Mtoto akafikiri. "Bila mi?"

"Bila we, mama yangu. Unabaki kwetu."

Inara hakumkumbatia, wala hakulia. Aligeuka akarudi mbio ndani ya geti, mkoba unamgonga mgongoni, akipiga kelele shule nzima isikie: "Madamu! Madamu! Nitakuwepo Jumatatu kupanda lengalenga!" Na kupitia uwazi wa geti Aliraza alimwona yule mwanamke mnene wa kitenge cha kijani akikaa chini kwenye ngazi ya darasa, puu, na kujifunika uso kwa mikono miwili, akiachia machozi aliyoyazuia tangu asubuhi.