Ubao wa Mferejini Bashay

Miaka ile ya Mwingereza, bwana wa maji wa serikali alifika Bashay, akapachika ubao katika mfereji, akaenda zake. Ubao ulikatwa pengo kama ncha ya mkuki inayotazama chini, maji yapite hapo. Pembeni mistari miwili: wa kwanza katikati ya mkato, wa pili juu kabisa. Maelezo hakutoa. Labda koo lilimkauka.

Kiangazi kilipobana, mzee Nikolausi, msimamizi wa mfereji, akagawa maji. Watu wa juu, naye akiwamo, mstari wa pili kwa siku moja. Watu wa chini, mstari wa kwanza kwa siku mbili.

"Mmoja mara mbili ni miwili," alisema. "Tumelingana."

Kule chini maharage ya Tekla yalikuwa yanatoa maua, na udongo umepasuka. Yangekauka wiki ile, watoto wangekula hadithi. Tekla naye hakuumbiwa kunyamaza. Popote alipokwenda, mdomo ulitangulia, miguu ikafuata. Aliutazama ule mkato, chini mwembamba, juu mpana, akapanda kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kupima. Tukinge maji kwa debe, tuone kila mstari unajaza mangapi."

"Na muda utaupima kwa nini? Kwa jogoo?"

"Kwa wimbo wa kusagia. Ubeti mmoja."

"Ahaa! Uuvute mpaka jioni!"

"Basi aimbe mama Perpetua, mkeo."

Waliokuwapo wakaangua kicheko. Perpetua hakuwahi kuharakisha wimbo hata ugali ukiungua, na aliyekula ugali huo ni Nikolausi. Mzee akakosa pa kutokea.

Kesho yake pande zote mbili zikajaa mferejini. Maji yakawekwa mstari wa kwanza, Perpetua akaimba. Ubeti ulipokwisha, debe moja limejaa.

Lango la mfereji likainuliwa, maji yakapanda hadi mstari wa pili. Perpetua akaanza tena, mwendo ule ule. Mama yangu! Wanawake walisukuma debe, wakavuta debe, wamelowa hadi kiunoni. La pili likajaa, la tatu likajaa.

"Perpetua, maliza basi!" mzee akafoka.

Perpetua akamkata jicho, akaendelea taratibu. Alipofunga mdomo, madebe matano yamejaa, la sita linakaribia ukingo.

"Yaliyomwagika nimekusamehe," Tekla akasema.

"Rudieni!"

Wakarudia. Yakawa yale yale. Nikolausi akainama kuuchungulia mkato.

"Kumbe huku juu kwenye upana ndiko maji yanakopita kwa wingi," akasema. "Sisi karibu sita kwa siku yetu, ninyi mawili kwa siku zenu mbili. Nusu yetu iko wapi, mkiipata siku mbili tulingane?"

"Tuitafute, mzee."

Wakateremsha lango kidogo kidogo, Perpetua akiimba mpaka sauti ikakwaruza. Madebe yalipokaribia matatu, maji yalisimama juu ya mstari wa katikati, kwenye robo tatu ya kimo cha mkato. Nikolausi akatoa kisu, akachonga alama hapo kwa mkono wake mwenyewe.

"Siku zenu mbili ni za alama hii."

"Na zile tulizopunjwa?"

Mzee akamtazama mkewe, asipate msaada.

"Haya! Mpaka Jumapili mfereji wote ni wenu."

Vigelegele vikapasua bonde. Tekla akashuka mbio kando ya maji, akiyatukana kwa mapenzi: "Pita huku, mvivu wewe! Huku!" Yalipoingia kwenye tuta la kwanza, akavua kanga ya kichwani, akacheza peke yake, matope mpaka magotini, maharage yakinywa.