Bafu Lililojaa Saruji

Kila jioni, kabla ya kutoka kwenye kiwanja cha kilichokuwa kiwanda cha betri, wachimbaji waliokuwa wakiondoa udongo wenye sumu walipigana ufagio. Mmoja anainua mikono, mwenzake anamfagia ovaroli kuanzia mabegani mpaka miguuni, vumbi la risasi, yale madini ya betri, linapanda kama moshi wa kuni mbichi, kisha wanabadilishana. Walicheka sana. Huko ndiko walikokuita kuoga.

Bafu lenyewe lilikuwapo, tena la vigae. Ila msimamizi alikuwa ameligeuza stoo ya saruji yake.

"Kidosho, zamu yako!" aliita Kijiko, dereva wa mashine ya kuchimba.

"Leo sifagiwi, shem."

Asubuhi, muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia Kidosho bila kuzunguka: risasi imeonekana kwenye damu ya mtoto wake. "Unamletea wewe na hizo nguo, mwanangu. Na huo ufagio wenu ndio unaoisukuma mapafuni."

Kidosho alimfuata msimamizi, aliyekuwa akifungua gari lake.

"Bosi, lile bafu."

"Tutalifungua."

"Ulisema hivyo tangu sijajifungua."

"Sasa dada'angu, saruji niiweke kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. Kidosho kuomba alishaomba, kwa upole, kwa utani, mpaka ulimi ukaota sugu. Akaivua ovaroli palepale, akabaki na gauni lake, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari.

"Basi kanifulie wewe."

Msimamizi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Toa! Toa hiyo! Wanangu wanakaa hapo!"

Kicheko kikakatika. Kijiko akaushusha ufagio taratibu.

"Kumbe unajua," alisema Kidosho. "Na wangu, bosi? Wangu ana mapafu ya bati?"

Msimamizi akachezea funguo zake, za gari na za stoo, macho chini. "Kesho asubuhi nita..."

"Kesho yako tumeizoea," Kijiko alimkata. Akazichukua funguo mkononi mwake, akaenda kulifungua bafu, akatoka na mfuko wa kwanza begani. Wengine wakasitasita, kisha wakamfuata mmoja mmoja, huku wakinung'unika kwamba migongo imeshachoka.

Kidosho alipenya katikati ya mifuko iliyobaki, akafungua bomba. Likakohoa, likatema maji mekundu ya kutu. Akasimama palepale, mkono kwenye koki, akingoja yatakate.